Nani Akague Mizani? Pamba, Dhahabu na Mashine Zinazohesabu Watu Shinyanga na Geita

Katika miaka ya 1940 mkulima wa pamba wa Usukuma alimaliza msimu wake mbele ya mizani ambayo haikuwa yake. Alikuwa amelima, amepalilia, amechuma, ametenga pamba safi na fifi, kisha akafunga mzigo na kuupeleka kituoni. Mnunuzi, ambaye mara nyingi alikuwa wakala wa wenye vinu vya kuchambulia pamba, aliupandisha mzigo kwenye mizani, akasoma namba, akalipa. Wakulima wengi hawakuweza kuisoma mizani ile. Hata aliyeweza kuisoma hakuwa na mahali pa kwenda kusema kwamba imesema uongo. Ratili zilizopotea kati ya mzigo na daftari zilipotea kimya kimya, mwaka baada ya mwaka.

Karibu na mwaka 1950 wakulima hao walifanya jambo dogo lililokuja kubadili historia ya Kanda ya Ziwa. Hawakuivunja mizani wala hawakuacha kulima pamba. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wasiomtegemea mnunuzi, ili kila mzigo uonwe na jicho la pili. Kutokana na hatua hiyo vyama vya ushirika vilienea kwa kasi. Kijana aliyesimama mbele ya harakati hizo alikuwa Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambaye baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunda muungano wao mkubwa uliojulikana kwa kifupi kama VFCU, makao yake yakiwa Mwanza, na ukawa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika.

Ndugu msomaji, insha hii inahusu simu, alama za vidole, mikopo ya mtandaoni na tafiti zinazofanywa juu ya mambo hayo. Nimeanza na mizani ya pamba kwa sababu swali lililoulizwa na wakulima wale ndilo swali tunalopaswa kuuliza leo. Kila chombo kipya kinachokuja kwetu hupima kitu: uzito, fedha, umri, uaminifu wa mkopaji, au mtu mwenyewe. Aliyekishika hupata nguvu juu ya anayepimwa. Basi nani anaruhusiwa kukikagua?

Mizani mbele za Mungu

Maandiko Matakatifu hayachukulii jambo la vipimo kuwa ni la sokoni tu. Torati inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, moja kubwa la kununulia na moja dogo la kuuzia. Nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara walioona Sabato inachelewa kwisha, kwa kuwa walitamani kurudi sokoni wapunguze kipimo na kuongeza bei. Kitabu cha Mithali kinaihesabu mizani ya haki kuwa ni mali ya Bwana mwenyewe. Watu wa imani hiyo walijua kwamba maskini haibiwi kwa upanga tu. Huibiwa pia kwa namba, mchana kweupe, huku akishukuru.

Kuna habari nyingine inayotisha zaidi. Mfalme Daudi aliagiza watu wahesabiwe, na Yoabu, ambaye hakuwa mtu wa huruma nyingi, alijaribu kumzuia. Hesabu ikafanyika, na dhamiri ya Daudi ikamchoma baadaye. Lakini Biblia hiyohiyo ina kitabu kizima kiitwacho Hesabu, na ndani yake Mungu mwenyewe anaagiza makabila yahesabiwe. Tena Mwokozi alizaliwa safarini, wazazi wake wakienda kuandikishwa kwa amri ya Kaisari. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuhesabu watu ni dhambi. Daudi alipewa jumla ya wanaume wawezao kufuta upanga. Mchungaji wa ile mifano ya Yesu naye huhesabu kondoo, lakini huhesabu ili agundue kwamba mmoja hayupo, kisha anatoka kwenda kumtafuta. Hesabu ya mfalme na hesabu ya mchungaji zinaweza kutumia daftari lilelile. Hutofautiana katika kile kinachofuata baada ya kujumlisha.

Ambao hawakuandikwa

Historia ya kuandikwa watu wetu ilianza vibaya. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo iliyoletwa na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920 iliwalazimisha kusajiliwa kwanza watoto wenye asili ya Ulaya na Asia. Mwafrika alihesabiwa kwa ajili ya kodi ya kichwa. Serikali ilijua anadaiwa nini, lakini haikuona haja ya kujua alizaliwa lini. Kwa miongo mingi, katika vijiji vya Shinyanga na Geita, maandishi ya kwanza yaliyotaja jina la mtoto pamoja na tarehe yalikuwa kitabu cha ubatizo cha misheni. Hata leo cheti cha ubatizo hupokelewa kuwa kiambatisho kwa mtu mzima anayeomba cheti cha kuzaliwa.

Pengo hilo halikuwa la makaratasi tu. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, karibu 16 tu walikuwa wamesajiliwa. Utafiti huohuo uliutaja mkoa wa Shinyanga kuwa wa kwanza nchini kwa ndoa za utotoni: kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Mambo haya mawili yanashikana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza asifanye kazi za hatari. Lakini hakimu, mwalimu au mtendaji wa kata atajuaje kwamba binti huyu ana miaka 14, ikiwa baba yake, ambaye mahari imekwisha kujadiliwa, anasema ana 18? Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, baada ya kutembelea Chunya, Geita na Kahama. Liliwakuta watoto wakishuka kwenye maduara, wakiponda mawe, wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto ambaye umri wake haukuandikwa popote hulindwa kwa shida hata pale sheria ilipo.

Watu wazima nao walilipia pengo hilo. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ili kupisha mgodi mkubwa. Yalizuka madai mazito kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zilikanusha, na ubishi uliendelea kwa miaka mingi. Sitaki kuuamua hapa. Naomba tu msomaji aone jambo moja: hata idadi ya watu waliokuwa wakiishi pale kabla ya Agosti ile ilitajwa kwa namna zilizopishana mno. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ilikuwa ni watu.

Viongozi wa dini wanapofanya utafiti

Dhahabu haikuwa mpya katika eneo hili. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966, ukafungwa, ukasahaulika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uwekezaji mkubwa ulirudi. Geita ilianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na baadaye Buzwagi mwaka 2009. Wananchi waliona malori na taa za usiku. Hawakuona hesabu. Mikataba ilikuwa siri, na kiasi cha dhahabu kilichoondoka kilijulikana kwa aliyekipima.

Ndipo likatokea jambo ambalo Kanisa linapaswa kulikumbuka. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), Jumuiya ya Kikristo (CCT) na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti ya utafiti kuhusu namna Tanzania inavyonufaika, au inavyokosa kunufaika, na madini yake. Maaskofu, wachungaji na masheikh hawakuishia kulaani au kubariki migodi. Walitafuta watu wa kuchambua mirabaha, misamaha ya kodi na maisha ya vijiji vinavyozunguka machimbo, kisha wakaweka namba mezani. Wakati huohuo kamati iliyoundwa na Rais Kikwete mwishoni mwa 2007 ilikuwa ikipitia sekta ya madini, na mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mark Bomani, ndugu yake Paul Bomani wa mizani ya pamba. Kilio cha miaka ile, pamoja na kazi hizo mbili, kilitangulia Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu.

Naona ripoti ile kuwa ni mpimaji wa pili, kama yule wa miaka ya 1950. Haikuwa na jeshi wala mahakama. Ilirudia kupima kile kilichokwisha kupimwa na mwenye nguvu, na ikasema hadharani ilichokiona.

Simu inafika

Mwaka uleule wa 2008 huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza nchini, na kampuni nyingine zikafuata. Kwa mchimbaji wa Nyarugusu au Mgusu, aliyekuwa akificha fedha kiunoni na kuzikabidhi kwa dereva wa basi zimfikie mama kijijini, huu ulikuwa ukombozi wa kweli. Fedha ilifika siku hiyohiyo, na mtu hakukabwa njiani.

Baada ya hapo simu ilianza kufanya kazi ya daftari. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA pamoja na UNICEF na wadau wengine walianzisha utaratibu mpya wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano. Mzazi hakulazimika tena kwenda makao makuu ya wilaya. Mtoto alisajiliwa katika kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, bila malipo. Cheti kiliandikwa papo hapo, na taarifa zake zikatumwa kwa simu ya kawaida, kwa ujumbe mfupi, hadi kwenye kanzidata ya taifa. Zamu ya Shinyanga na Geita ilifika mwaka 2017, na watoto wengi ambao wazazi wao hawakuwahi kushika cheti wakawa na vyeti vyao.

Hili lilikuwa tendo la mchungaji. Teknolojia ilitumika kutafuta waliokosekana. Wakati huohuo sheria nayo ilisogea: mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo. Hukumu ya namna hiyo inahitaji cheti kijijini, la sivyo inabaki Dar es Salaam.

Lakini daftari la simu lilikuwa na upande mwingine. Tarehe 1 Mei 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchi nzima. Ili kusajili laini, mtu alihitaji namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA. Siku ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, ikaongezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa jema: kuzuia utapeli na uhalifu. Hata hivyo fikiri juu ya mtu wa Kishapu au Bukombe ambaye bado hajapata namba ya NIDA. Laini yake siyo anasa. Ni benki yake, ni barua yake, ni njia ya mwanawe kumtumia fedha ya dawa. Fikiri pia juu ya mikono iliyoshika jembe miaka 40, au iliyoponda mawe ya dhahabu tangu ujana. Kazi ya namna hiyo hufuta michirizi ya vidole, na mashine husumbuka kuisoma. Mashine haikuundwa kwa nia mbaya. Ilipimwa kwa vidole vya watu wengine, na aliyefanya kazi ngumu zaidi ndiye anayeambiwa kwamba hatambuliki.

Mwaka huohuo wa 2019 lilikuja pia soko la dhahabu. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua Geita soko la madini la kwanza la aina yake nchini, baada ya serikali kuwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Hapo awali mchimbaji aliuza kwa broka, kwa mizani ya broka. Sasa dhahabu ilipimwa uzito na usafi mbele ya maofisa, na kila mauzo yakaingia kwenye kumbukumbu. Mtu aliyezoea kuambiwa bei alianza kuiona bei. Huu ni ushahidi kwamba kipimo kilichowekwa mahali pa wazi humsaidia mnyonge, ingawa mnyonge huyo bado anapaswa kufika sokoni akiwa na gramu zake, bila kudaiwa zote na mwenye karasha na mwenye duara.

Macho mekundu

Kuna sehemu ya historia yetu tunayopenda kuinyamazia. Inatufundisha kuhusu mashine kuliko vitabu vingi vya teknolojia. Kwa miongo kadhaa Usukuma imeua mabibi kwa tuhuma za uchawi, na ishara iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kweli. Kilichoyafanya hivyo ni moshi: mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka 50 hawezi kuwa na macho meupe. Watu waliona alama ya kweli, wakaisoma kwa uongo, wakamhukumu mtu kwa umaskini wake.

Mashine za leo zinazoamua mambo kwa kusoma alama zinaweza kutenda kosa la namna hiyo kwa kasi kubwa zaidi. Tangu huduma ya M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, Mtanzania ameweza kukopa kwa simu bila kumwona ofisa yeyote. Programu hutazama jinsi anavyotumia laini yake, fedha zinazoingia na kutoka, kisha humpa kiwango au humnyima. Mchimbaji anayekaa miezi miwili bila kipato, kisha akapata dhahabu siku moja, huonekana kwenye mashine kama mtu asiye na utaratibu. Mjane anayetumia laini ya mwanawe haonekani kabisa. Namba ni za kweli, lakini maana iliyotolewa inaweza kuwa macho mekundu.

Baya zaidi ni programu za mikopo zilizoingia bila leseni. Mtu alipozipakua, zilichukua orodha ya majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumfedhehesha ulitumwa kwa wakwe zake, kwa mwajiri wake, hata kwa mchungaji wake. Wananchi wameiita mikopo ya namna hii kausha damu, na jina limewafaa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba ikatangaza orodha ya programu 69 zisizo na kibali. Hatua hiyo ilikuja baada ya machozi mengi. Kama tungekuwa na watu wa kuandika mapema kinachotokea katika kaya za Kahama, Katoro na Maganzo, huenda mwongozo ungetangulia machozi.

Sheria na jicho la pili

Serikali haikukaa kimya kuhusu teknolojia. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003, na mpya ikafuata mwaka 2016. Sensa ya Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza kufanywa kwa vishikwambi, na ilitupa picha ya Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Geita peke yake ulikuwa na watu karibu milioni 3, kutoka milioni 1.7 mwaka 2012. Anayepanga shule na zahanati anahitaji namba kama hizo, na ni vema zikapatikana haraka.

Hata hivyo kulikuwa na kipindi ambapo kupima mara ya pili kulikuwa hatari. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye lengo la kubatilisha au kutia doa takwimu rasmi. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa, na mtafiti huru akapumua. Kwa mtu wa kawaida jambo hili linaweza kuonekana ni la wasomi. Mkulima wa mwaka 1950 angelielewa mara moja: ni sawa na kuambiwa kwamba mizani ya mnunuzi haipimwi tena.

Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria hii inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu ajisajili, aseme anazikusanya kwa nini, na asizitumie kwa jambo jingine. Inampa mwananchi haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kutaka kirekebishwe. Inampa hata haki ya kutaka jambo zito linalomhusu lisiamuliwe na mashine peke yake. Mizani ya dukani ina Wakala wa Vipimo wa kuikagua. Sasa mizani isiyoonekana nayo imepata wakala wake. Lakini haki iliyoandikwa kwenye sheria hulala mpaka mtu aiamshe, na wengi wa wanaohitaji kuiamsha hawajawahi kusikia kwamba ipo. Tafiti nyingi kuhusu mambo haya huandikwa kwa Kiingereza, husomwa katika kumbi za Dar es Salaam na Dodoma, na haziwafikii waliohojiwa.

Wajibu wetu

Kanisa lifanye nini? Historia hii inatupa majibu, na yote yanaweza kufanyika bila fedha nyingi.

La kwanza, cheti cha kuzaliwa kiulizwe pale ubatizo unapoandikwa, au pale mtoto anapowekwa wakfu. Mzee wa kanisa anayeandika jina la mtoto kitabuni amwulize mzazi kama amekwenda kwa mtendaji wa kata. Kama hajaenda, aelekezwe wiki hiyohiyo. Katika mkoa ambako umri wa binti umekuwa jambo la kupatana, swali hilo fupi ni ulinzi.

La pili, parokia na mitaa yetu iwe wapimaji wa pili. Hakuna taasisi nyingine iliyo na watu katika kila kitongoji kila juma. Jumuiya ndogo ndogo zinajua nani alizimiwa laini, nani alikataliwa na mashine ya vidole, nani alifedheheshwa kwa deni la simu. Habari hizo zikiandikwa kwa uangalifu, bila kutaja majina ya wahusika, na kupelekwa katika mabaraza yetu kama ilivyofanyika kwa madini mwaka 2008, watunga sera watakuwa na kitu cha kusoma kinachotoka chini. Akili mnemba inakuja katika shule, benki na zahanati. Ni vizuri ifike ikikuta watu waliozoea kuuliza.

La tatu ni gumu zaidi. Muungano wa ushirika uliozaliwa kwa kukagua mizani ya wengine ulifika mahali nao ukahitaji kukaguliwa. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza malalamiko dhidi ya vyama vya ushirika nchini, kukiwamo ubadhirifu na upendeleo, na mwaka 1968 VFCU ikafikia mwisho wake, nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza. Wapimaji walikuwa wamesahau kwamba nao wanapimwa. Kanisa pia lina kanzidata: orodha za waumini, namba za simu, sadaka za kila kaya, siri za ndoa, picha za watoto kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya 2022 inazihesabu taarifa za dini ya mtu kuwa nyeti, na haikutuachia sisi mlango wa nyuma. Kabla ya kuwauliza wenye programu za mikopo wanafanya nini na majina ya watu, tuulizane nani anashika daftari letu, na muumini akitaka kuona kilichoandikwa juu yake atamwendea nani.

Katika misimu ya karibuni mizani ya kidijitali imeanza kuingia katika vituo vya AMCOS vya kununulia pamba. Namba huonekana kwa mwanga, na ni rahisi kudhani kwamba kinachong'aa hakiwezi kukosea. Mkulima bado anaweza kufika na jiwe ambalo uzito wake unajulikana, akaliweka juu ya mizani kabla ya mzigo wake. Viongozi wa AMCOS wamruhusu bila kununa. Na mchungaji akipita kituoni siku ya ununuzi, asimame pale mpaka jiwe lile limepimwa.